Kambi Kando ya Simbi Nyaima: Maji Tele, Kiu Tele

Mpenzi msomaji, ukiambiwa kwamba watu 18 walipiga kambi kando ya ziwa kisha wakakaribia kulala na kiu, bila shaka utacheka. Utauliza, "Hao walikuwa na akili kweli?" Sitakulaumu. Ila nakuomba ucheke polepole, kwa sababu mimi ndiye niliyekabidhiwa maji ya safari ile. Makala haya nayaandika ili chama chetu kitakapokwenda huko tena, atakayepewa kazi hiyo asijikwae pale nilipojikwaa mimi.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa kimeazimia kukusanya visasili vya nyanda za ziwa. Mwalimu mlezi akasema kwamba hatutasomewa kisasili cha Simbi darasani, bali tutaenda kulala papo hapo kilipotokea. Tulikuwa wanafunzi 16 na walimu 2. Tuliondoka Migori jogoo wakiwika, tukapita mashamba ya miwa ya Awendo, tukafika Rongo na kukata kushoto kuelekea Homa Bay. Pale mjini tulikitazama kilima cha Got Asego kilichochongoka kama pia iliyopinduliwa, kisha tukashika barabara ya Kendu Bay. Upande wa kushoto ulisimama Mlima Homa, volkeno kongwe yenye urefu wa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nakuomba uukumbuke mlima huo, maana ziwa ninalotaka kukueleza ni la ukoo wake.

ZIWA LILILO NDANI YA SHIMO

Usitarajie kuliona Simbi Nyaima ukiwa mbali. Unatembea katika nyasi kavu na migunga, mara ardhi inainama mbele yako, na huko chini unaona duara la maji ya kijani kibichi kama mboga iliyopondwa. Ziwa lenyewe si kubwa. Lina hekta zipatazo 30, na mtu asiye na haraka anaweza kulizunguka kwa muda wa saa moja hivi. Lakini kina chake kinapita mita 20. Ni kama chungu, si kama sinia.

Chungu hicho kilichimbwa na volkeno. Zamani sana mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi yalikutana na maji yaliyokuwamo humo. Maji yakageuka mvuke kwa ghafla, mvuke ukakosa pa kupitia, ardhi ikapasuka kwa kishindo na kuacha shimo la duara. Maji ya chini kwa chini yakalijaza pamoja na ya mvua. Hakuna mto unaoingia Simbi, na hakuna mto unaotoka. Jambo hilo la pili ndilo mzizi wa fitina yote.

Ebu fikiria mchuzi ulioachwa jikoni hadi ukapungua nusu. Maji yamekwenda na mvuke, lakini chumvi yote imebaki, na ukiuonja unakunja uso. Ndivyo ilivyo Simbi. Maji yanayoingia yamepita katika miamba ya volkeno na kubeba magadi kidogo. Jua linayachukua maji na kuyaacha magadi. Kwa kuwa hakuna mlango wa kutokea, magadi yanaongezeka mwaka nenda mwaka rudi. Waliosoma kemia watanielewa nikisema kwamba maji safi yana pH ya 7 na ya Simbi ni karibu 10. Hicho ni kiwango cha maji ya sabuni.

Simbi lina ndugu wengi: Magadi, Bogoria na Elmenteita hapa Kenya, na Natron kule Tanzania. Hata Marekani, katika nyanda kame za California zilizo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, liko ziwa Mono ambalo nalo ni la chumvi na magadi, wala halina mto unaotoka. Mwaka 1941 mji wa Los Angeles ulianza kuchukua maji ya vijito vilivyoliingia. Ziwa likazidi kushuka, hata mwaka 1994 mamlaka ya maji ya jimbo hilo ikaamuru vijito viachiwe sehemu ya maji yake. Maji ambayo hakuna mtu awezaye kuyanywa nayo yana wenyewe.

Wenyewe wa Simbi ni akina nani? Kwanza ni viumbe vidogo mno vya rangi ya kijani viitwavyo spirulina. Hivyo hupenda magadi, na ndivyo vinavyolipa ziwa rangi yake. Pili ni heroe, ndege ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Hao huinamisha vichwa, wakapindua midomo juu chini na kuchuja spirulina kutoka majini. Huja na kuondoka, kwa hivyo siku nyingine utawakuta wengi na siku nyingine wachache. Samaki hutawaona kabisa. Kwa ajili ya ndege hao Simbi lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2000.

MAKOSA YANGU, MOJA BAADA YA JINGINE

Sasa tuje kwenye mitungi. Mimi ni mtoto wa kando ya mto. Kwetu ukitaka maji unashuka mtoni, na ukimwaga unashuka tena. Basi nilipoambiwa nipange maji ya siku mbili, nikawaza hivi: ya kunywa na ya kupikia tutabeba, ya kuoga na kuoshea vyombo tutateka ziwani. Nikajaza mitungi 6 ya lita 20, jumla lita 120, nikajiona bingwa.

Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu. Katika joto la kule, kila mtu anahitaji takribani lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia tu. Watu 18 mara lita 5 mara siku 2 ni lita 180, yaani mitungi 9. Sikupiga hesabu hiyo. Nilihesabu mitungi iliyokuwapo stoo.

Kosa la pili lilikuwa la kifuniko. Tulipofika tukakuta mtungi mmoja umelala chini ya kiti cha basi, kifuniko kimelegea, na nusu ya sakafu imelowa. Maji yakimwagika hayazoleki. Ikabaki mitano.

Kosa la tatu ndilo lililonikosesha usingizi hadi leo. Mwalimu aliniuliza, "Kijana, maji yanatosha?" Nikajibu, "Ndio mwalimu, yapo ya kutosha." Nilijua kuwa si kweli. Niliona haya kusema mbele ya wenzangu kwamba nimeharibu kazi hata kabla hema la kwanza halijasimama.

Baada ya chakula cha mchana wavulana walishuka ziwani kunawa. Kwanza walifurahi, maana maji ya magadi huteleza mwilini kama tayari yana sabuni. Dakika chache baadaye kelele zikaanza: "Wee, macho yangu!" "Aki hii maji inawasha!" Wakapanda mbio hadi kwenye mitungi na kujisuuza kwa maji ya kunywa. Vyombo navyo vilioshwa kwa maji ya ziwa vikabaki na ukungu mweupe, ikabidi visuuzwe. Mitungi miwili ikaenda hivyo hivyo. Mmoja na nusu ulikuwa umetumika kwa chai na ugali wa mchana.

Jioni nikajifanya mwerevu. Nyumbani nimewaona akina mama wakitia magadi kidogo ili mboga ngumu ilainike. Nikamwambia mpishi wa zamu, "Tupike maharagwe kwa maji ya ziwa. Yataiva upesi, tena tutaokoa maji." Kweli yaliiva upesi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kumeza kijiko cha pili. Dada mmoja wa kidato cha pili aliuliza kwa upole, "Hii ni maharagwe ama ni sabuni?" Kijiti kidogo cha magadi ni dawa; sufuria nzima ni balaa.

Mwenzangu mwingine akasema tuyachemshe yale maji ya ziwa kwa muda mrefu ndipo tuyanywe. Hapa naomba unisikilize vizuri, msomaji, maana jambo hili wengi hatulijui. Kuchemsha maji huua vijidudu. Hakuondoi chumvi wala magadi. Tena kadiri unavyochemsha, mvuke unatoka na magadi yanabaki, kwa hivyo sufuria inazidi kuwa chungu. Lile linalofanywa na jua kwa ziwa zima, wewe unalifanya kwa saa moja mekoni.

Ilipofika saa moja ya usiku, kijana mmoja wa kidato cha kwanza akaanza kulalamika kichwa. Alikuwa amekimbia juani mchana kutwa na kunywa kikombe kimoja tu. Akatapika. Nilikwenda kwenye mitungi nikiwa na tochi, nikautikisa wa mwisho. Ulikuwa na lita 10 tu, nasi tulikuwa 18, na usiku wote na siku nzima viko mbele yetu. Nikamwendea mwalimu na kumwambia ukweli wote, tangu kifuniko hadi maharagwe. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Ungeniambia saa sita mchana, basi lilikuwa bado hapa." Basi lilikuwa limekwisha rudi, na lingetufuata kesho yake jioni.

NYUMBANI KWA DANI

Tulimwachia mgonjwa maji yaliyobaki, ayanywe kidogo kidogo chini ya uangalizi wa mwalimu wa pili. Sisi watatu, yaani mwalimu, mwenyekiti wa chama na mimi, tukafuata mwanga wa taa hadi boma la karibu. Tulibisha hodi. Akatoka bibi mmoja mwenye mkongojo, na msichana mdogo nyuma yake. Tukamsalimu na kumwita Dani, kama ilivyo desturi ya Waluo kumwita nyanya. Mwalimu akaeleza shida yetu.

Bibi alicheka hadi akashika ukuta. "Nyinyi mnakaa pale kwa Simbi, na mnakuja kwangu kuomba maji?"

Tukanyamaza. Kisha akaacha kucheka. "Kuna mgonjwa?"

"Kuna mtoto anaumwa kichwa, Dani."

"Basi mnasimama nje namna hii kwa nini? Ingieni."

Akatutekea maji ya chungu, baridi tamu ajabu, tukanywa kwa zamu kwa kikombe kimoja. Kisha akamwambia mjukuu wake atoe mtungi uliojaa. Mwalimu akatoa pesa mfukoni. Bibi akaurudisha mkono wake. "Hapa hatuwezi kumnyima mtu maji. Ile ziwa iko hapo, inatuangalia."

Ndipo akatusimulia kisasili tulichokuwa tumekifuata, ingawa wasimulizi hutofautiana hapa na pale. Hapo zamani palikuwa na kijiji palipo na ziwa sasa. Siku moja watu walikuwa katika sherehe, pombe na ngoma vimepamba moto. Akaja bikizee mchafu, mwenye njaa na baridi, akaomba chakula na mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja peke yake alimkaribisha kwake, akamlisha na kumwashia moto. Bikizee akamwambia, "Ondoka hapa upesi pamoja na watu wako." Waliosikia wakaondoka. Mvua ikanyesha, maji yakabubujika, na kijiji kikazama na sherehe yake. Ndiyo maana ya jina Simbi Nyaima: Simbi iliyozama.

Nilikuwa nimekisoma kisasili hicho, na sikuzote nilijiweka upande wa watazamaji. Usiku ule mimi ndiye niliyekuja gizani kuomba, mwenye vumbi na aibu. Mtaalamu wa miamba atakuambia lile shimo lilitokana na volkeno, nami nimekueleza hivyo hapo juu. Lakini volkeno haiwezi kukueleza kwa nini bibi yule alikataa pesa ya mwalimu.

Tulirudi na mtungi wetu. Kijana akanywa maji yenye sukari na chumvi kidogo, na kufikia usiku wa manane alikuwa akikoroma. Alhamdulillahi.

Alfajiri nikaona jambo lililonichoma zaidi. Yule msichana mdogo alikuwa akimswaga punda mwenye mitungi mitupu. Nikamkimbilia na kumuuliza, "Unaenda wapi asubuhi hivi?"

"Kuchota maji. Ile ya jana si mlienda nayo?"

Niliwaamsha wenzangu. Tukaenda naye kumi na mmoja, kila mtu na chombo chake. Ilituchukua karibu saa nzima kufika kisimani, na kurudi ni zaidi kwa sababu ya uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mtungi wa lita 20 ni kilo 20 kichwani. Tulimjazia Dani kila chombo kilichokuwa nyumbani, hata ndoo ya kuku. Alitupokea kwa "Erokamano" nyingi, akatuchemshia na viazi vitamu. Kwa hivyo mgeni aliyekuja kuomba alikula tena kwa mwenyeji! Waliosema "Mgeni njoo, mwenyeji apone" sijui kama walitujua sisi.

UKITAKA KUPIGA KAMBI SIMBI

Haya sasa ni mafunzo, bila hadithi.

Kwanza, omba ruhusa kwa wasimamizi wa hifadhi na kwa wazee wa mahali kabla ya kusimamisha hema. Maboma yako karibu, na nyasi unayoikanyaga huenda ni malisho ya mtu.

Pili, usipige hema kwenye ukingo wa shimo. Chagua mahali tambarare pa nyuma, ambapo mtu anayetoka usiku hatateremka bila kupenda. Mchana upepo hutoka upande wa Ziwa Victoria kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Elekeza mlango wa hema pembeni mwa upepo huo, na ukaze kamba kabla ya alasiri, kwa sababu mvua za radi za nyanda za ziwa hazipigi hodi.

Tatu, beba neti za mbu. Eneo hili lina malaria nyingi, na hema lenye zipu iliyoharibika ni mtego tu.

Nne, usiseme, "Simbi lina magadi, twende tukateke Ziwa Victoria lililo hapo karibu." Hayo hayana magadi, kweli, lakini ufukweni mna konokono wa kichocho, na viboko na mamba wana njia zao. Ukilazimika kuyatumia, yanunue kwa mwenyeji anayejua pa kuteka, uyachuje na kuyachemsha. Hapa ndipo kuchemsha kunasaidia.

Tano, waangalie heroe ukiwa mbali. Usiwarushie mawe ili waruke upige picha. Kila wakiruka kwa hofu hupoteza nguvu, nao wamekuja pale kula. Vyombo na sabuni zako uzioshee mbali na ziwa, na takataka zote urudi nazo nyumbani.

Wala usidhani kuwa sisi ndio wa kwanza kuhangaikia maji katika sehemu hii. Kwenye rasi hiyo hiyo ya Homa, pale Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana za mawe zenye umri wa takribani miaka milioni 2.6 hadi 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Viboko hawakai pasipo maji. Hao wa kale hawakuwa na mitungi, lakini walijua mahali pa kukaa kuliko mimi.

Mwisho ni hesabu. Mtu mmoja, siku moja, lita 5 za kunywa na kupikia. Ongeza nyingine ukitaka kuoga. Kaza vifuniko mwenyewe, kisha uvijaribu kwa kuulaza mtungi. Na kitu kikimwagika, sema papo hapo. Aibu ya dakika moja saa sita mchana ni nafuu kuliko mtoto wa watu kutapika usiku.

Chama kinapanga kurudi mwakani. Kwa watu 18 na siku mbili nimeandika kwenye daftari la safari mitungi 10. Najua hesabu inasema 9. Wa kumi ni wa Dani.